Kuvua kwa Ndoana Kando ya Lualaba

1. Mito yetu

Watoto, tazameni ramani ya Kongo iliyo ukutani. Wekeni kidole penye Kasongo, kusini ya Maniema. Upande wa magharibi wa mji mtaona mstari mnene unaokwenda kaskazini. Huo ndio mto Lualaba. Watoka mbali, katika nchi za juu za Katanga. Wapita Kongolo, kisha waja kwetu. Ukiacha Kasongo wakwenda Kindu, halafu Ubundu. Baada ya maporomoko ya Boyoma, huko Kisangani, jina lake labadilika, nao waitwa mto Kongo. Wapita Kinshasa, na mwisho waingia katika bahari ya Atlantiki karibu na Banana. Ukiupima tangu chanzo kilicho mbali kabisa, mto huu una urefu wa kilometa 4,700 hivi.

Wenzetu wa Kabambare wana mto wao, ndio Luama. Huo hutoka katika milima iliyo magharibi ya Ziwa Tanganyika, hupita katika nchi ya Kabambare, na kumwagika katika Lualaba, kusini ya Kasongo. Basi maji ya Kabambare na maji ya Kasongo hukutana, na samaki hawajui mpaka wa teritwari.

Tangu zamani watu wa huku hula samaki. Msafiri David Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871, aliona soko kubwa kando ya Lualaba. Wanawake wengi walikuja na mitumbwi kutoka ng'ambo, wakileta samaki, vyungu na vyakula vya shamba.

Watu huvua kwa njia nyingi: kwa nyavu, kwa mitego ya fito, kwa mishipi mirefu yenye ndoana nyingi. Leo tutajifunza njia moja tu, ile ya mtu aliyesimama mchangani na ndoana moja. Ni njia ndogo. Haimtajirishi mtu. Lakini ina mafundisho yake, kama mtakavyoona katika habari ya watoto wawili na babu yao.

2. Jioni kabla ya safari

Ilikuwa wakati wa vakansi kubwa, mwezi wa 8. Mvua zilikuwa zimekatika, na mto ulikuwa umepungua. Mafungu ya mchanga yalionekana katikati na kando ya maji. Katika kijiji kimoja cha Kasongo babu aliwaambia wajukuu wake wawili, mkubwa wa miaka 12 na mdogo wa miaka 9: «Kesho, tukiamka salama, twende mtoni.»

Mdogo akaruka kwa furaha. Akaingia nyumbani mbio, akatoka na chandarua cha mbu kwapani. Akasema, «Babu, tuchukue hiki. Watoto wa ng'ambo ya kijito hushika ncha mbili mbili, wakakokota, na kikapu hujaa mara moja. Ndoana itatupa nini?»

Babu hakumkemea. Akamwuliza, «Nani atalala ndani yake kesho usiku?»

Mtoto akafikiri, akajibu polepole, «Mtoto mchanga wa mama.»

«Kirudishe, mjukuu wangu. Ukifunge vilevile mama alivyokifunga. Neno lililobaki nitakuambia kesho, mbele ya maji.»

Basi mdogo akakirudisha. Babu akatandika mkeka, akamwaga juu yake vyombo vyake vyote, akavionyesha kimoja kimoja.

3. Vyombo vya mvuvi

«Hii ni *ndoana*. Tazameni sehemu zake. Juu pana tundu la kufungia mshipi. Kisha shina. Kisha pindo. Mwisho ni ncha, na karibu na ncha mna kijino kinachoelekea nyuma. Kijino hicho ndicho kinachomzuia samaki asichomoke. Ndoana zina namba. Ndoana ndogo zina namba kubwa: namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Kabla ya kununua, fikiri kinywa cha samaki unayemtaka. Ndoana kubwa haiingii katika kinywa kidogo. Kwa hiyo mwenye ndoana kubwa huwaacha watoto wa samaki bila hata kuwafukuza.

«Huu ni *mshipi*. Wazee wetu walisokota nyuzi za miti na majani. Siku hizi twatumia nailoni. Nailoni ilitengenezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1935. Ina nguvu, wala haiozi upesi. Lakini neno hilo la kutooza lina ubaya wake. Kipande ukikitupa mchangani hukaa miaka mingi, na ndege hufungwa miguu. Kwa hiyo vipande vyote hurudi nyumbani mfukoni.

«Hii ni *chubwi*, uzito wa kuzamisha ndoana. Madukani huuza chubwi za risasi. Risasi ni sumu. Usiikaze kwa meno, wala usiile mihogo kabla ya kunawa mikono. Mimi natumia nati za baiskeli zilizochakaa, nazo zafaa sana.

«Hiki ni *chelezo*. Nimekikata katika kandambili kuukuu. Chaelea juu ya maji na kukuambia habari za chini. Kikitikisika, samaki anaonja. Kikizama, amekula.

«Na huu ni *mwanzi*, urefu wake meta 3. Nimeukata ukiwa umekomaa, nikaukausha kivulini. Mwanzi uliokaushwa juani hupasuka.»

Mkubwa akauliza, «Babu, nifungeje ndoana isichomoke?»

«Fanya hivi. Pitisha mshipi katika tundu. Zungusha ncha yake mara 5 juu ya mshipi wenyewe. Rudisha ncha katika kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu. Lowesha fundo kwa maji, ndipo ulikaze polepole. Fundo likikazwa kavu, nailoni hupata joto na kudhoofika. Samaki wengi wanaokimbia hawakukata mshipi. Walifungua fundo la mvivu.»

Kisha wakaenda nyuma ya nyumba, mahali penye majivu na maganda, wakachimba nyungunyungu. Wakawatia katika kopo lenye udongo wa unyevu, wakalitoboa matundu madogo. Mama akawapa kipande cha bukari baridi, nacho ni chambo kizuri cha ngege.

4. Mahali pa kuvua

Walitoka alfajiri. Njiani babu alitangulia, watoto wakafuata. Jua lilipochomoza wakafika ukingoni. Fungu la mchanga lilikuwa jeupe na refu, lililoungana na nchi kavu. Mdogo akataka kukimbilia maji. Babu akamshika mkono.

«Kwanza macho, halafu miguu. Tazama mchanga.»

Wakatazama. Palikuwa na nyayo za ndege, na nyayo za watu wa jana. Hapakuwa na alama ya mkia wa mamba ulioburutwa, wala nyayo pana za kiboko. Babu akatazama maji pia, kimya, kwa muda mrefu. Kisha akachora mstari mchangani kwa kisigino, hatua 5 kutoka majini. «Hakuna atakayevuka mstari huu ila kwa ruhusa yangu. Ukingo wa mchanga ni mdanganyifu. Kwa juu waonekana mgumu, kumbe chini maji yameula. Tena katika maji yaliyotulia, penye majani na konokono, mna ugonjwa wa kichocho. Mvuvi wa ndoana hana haja ya kulowa.»

Mkubwa akauliza, «Mto ni mpana hivi. Tutajuaje samaki walipo?»

Babu akamwonyesha ncha ya fungu la mchanga. Upande mmoja maji yalikwenda mbio. Nyuma ya ncha maji yalizunguka polepole. Kati ya hayo mawili palionekana kama mstari, wenye povu na majani makavu.

«Hapo,» akasema babu. «Maji ya mbio huleta chakula: wadudu, mbegu, vijisamaki vilivyochoka. Maji ya polepole humpa samaki mahali pa kupumzika. Samaki hukaa mpakani, apate vyote viwili. Tupa chambo penye mstari ule.»

5. Samaki wa kwanza

Mkubwa akatupa. Chelezo kikasimama. Wakangoja. Mdogo akauliza mara tatu kama samaki wamekufa wote. Babu akacheka tu.

Mara chelezo kikatikisika, kikazama. Mkubwa akainua mwanzi kwa nguvu nyingi, na samaki mdogo kama kidole akapaa hewani, akaanguka mchangani nyuma yao.

«Lowesha mikono kwa maji ya kopo kwanza,» babu akasema. «Ngozi ya samaki ina utelezi unaomlinda na magonjwa. Mkono mkavu huuondoa.» Akaitoa ndoana taratibu, akamrudisha samaki majini. Samaki akakaa kidogo kama aliyesahau njia, kisha akatoweka.

Mdogo akanung'unika, «Tumengoja sana, nawe wamtupa!»

«Sikumtupa. Nimemweka. Mwakani atakuwa mkubwa.»

Baadaye wakafunga ndoana kubwa zaidi bila chelezo, na nati mbili za kuzamisha. Wakatia fungu la nyungunyungu, chambo kikalala chini. Hiyo ndiyo njia ya kambale. Kambale huona vibaya katika maji machafu, lakini ana ndevu ndefu za kupapasia, naye hutafuta chakula kwa harufu. Haikupita saa moja, mshipi ukavutwa polepole, kama mtu anayevuta kamba ya ng'ombe. Wakamtoa kambale mnono, urefu wa mkono wa mtu mzima. Babu akawaonyesha miba yake miwili, mmoja kila upande nyuma ya kichwa. «Mshike nyuma ya miba hii, si juu yake. Tena msishangae akiishi muda mrefu nje ya maji. Kambale aweza kuvuta hewa.» Akampiga kichwani kwa rungu pigo moja, asiteseke.

«Na mkitoa samaki mnene, laini, asiye na pezi mgongoni kama la wenzake ila moja dogo karibu na mkia, msimguse. Huyo ni samaki wa umeme. Hupiga mwili wa mtu mpaka mkono ukafa ganzi. Kateni mshipi, mumwache arudi.»

6. Mshipi uliokatika

Jua lilipopanda, babu akatupa kipande cha samaki mbali, katika maji ya mbio. Mara mshipi ukalia. Mwanzi ukapinda kama upinde. Kisha, kwa ghafula, ukanyoka. Babu akakunja mshipi. Ncha yake ilikuwa imekatwa kama kwa wembe.

«Huyo ndiye mwenye meno,» akasema. «Kwa Kilingala huitwa mbenga. Meno yake yatokea nje hata akifunga kinywa. Hukimbiza samaki wengine na kuwakata vipande. Katika mto Kongo, mwaka 1988, mtu mmoja alimvua mmoja kwa mwanzi na ndoana, uzito wake kilo 44.»

Watoto wakatazamana. Kilo 44! Mkubwa hakuwa na uzito huo.

«Anayemtaka huyo hufunga kipande cha waya kati ya ndoana na mshipi, kwa kuwa meno hayakati waya. Mimi sikufunga. Basi kosa ni langu, si la samaki.»

Wakafunga ndoana nyingine. Mdogo akapewa zamu yake. Akatupa vizuri, lakini alipovuta, ndoana haikuja. Ilikuwa imeshika gogo chini ya maji, karibu tu, kama hatua nne. Akavuta huku, akavuta huku. Akajua ya kuwa ile ilikuwa ndoana kubwa ya mwisho. Babu alikuwa ameinama akifunika kambale kwa majani. Mtoto akaweka mwanzi chini, akavuka mstari, akaingia majini mpaka magoti ili aikomboe.

Mkubwa akapiga kelele. Mchanga chini ya mguu wa mdogo ukamomonyoka, akazama mpaka kifuani, na maji yakaanza kumzungusha kuelekea kwenye mbio. Babu alikuwa amekwisha fika. Hakuingia majini. Alilala kifudifudi mchangani, akanyosha mwanzi. «Shika! Shika kwa mikono miwili!» Mtoto akashika. Babu na mkubwa wakamvuta polepole, mpaka akafika mchanga mgumu.

Hakuna aliyesema neno. Mtoto alitetemeka na kulia. Babu akamvua shati lililolowa, akamfunika kwa koti lake. Kisha akatoa kisu, akaukata mshipi ulioshika gogo.

Mtoto akasema kwa kwikwi, «Babu, ndoana yako!»

«Ndoana nitaikuta sokoni,» babu akajibu. «Wewe nitakuuta wapi?»

Watoto, kumbukeni pia jinsi babu alivyofanya. Mtu akizama, usimrukie. Anayezama humkumbatia anayemwokoa, wakafa wawili. Mnyoshee mti, kamba au nguo, nawe ukiwa umelala au umeshika kitu imara. Piteni sauti kuwaita watu.

7. Uvuvi wa pwani

Wakakaa kivulini, wakala mihogo ya kuchoma. Ili mtoto atulie, babu akawapa hadithi ya miaka ile alipofanya kazi Muanda, mahali nchi yetu inapogusa bahari. Pwani yetu ni fupi, kilometa 40 hivi tu. Lakini ni hapo maji haya ya Lualaba yanapofika mwisho wa safari yake.

«Huko niliona watu wakivua mchangani kama sisi, lakini mbele yao palikuwa na mawimbi. Wengine walivua kwa ajili ya chungu. Wengine walikuwa na mishahara yao, walikuja Jumapili baada ya Misa kwa furaha tu. Fimbo zao zilikuwa ndefu, meta 4 hivi, zapigwa mbali kupita mawimbi. Chini ya fimbo pana gurudumu dogo la kukunjia mshipi, lenye mshipi wa meta nyingi. Chubwi zao zilikuwa na miguu ya waya, kama buibui. Miguu hiyo hushika mchanga, mawimbi yasiisukume chubwi ufukoni. Walipokwisha tupa, walisimika fimbo katika bomba lililochomekwa mchangani, wakakaa wakitazama ncha yake.»

Mkubwa akauliza, «Nao walijuaje samaki walipo?»

«Kwa njia ileile niliyokuonyesha asubuhi. Mawimbi huchimba mfereji kati ya fungu la mchanga na ufuko. Yakipiga, hufukua kaa wadogo na wadudu, na samaki huja mferejini kula. Mjinga hutupa mbali kabisa, akapita juu ya vichwa vya samaki. Mwenye akili hutazama maji kwanza. Tena bahari hujaa na kupwa. Wavuvi wengi hupenda saa ya maji kujaa, maana ndipo samaki hukaribia ufuko.»

Kisha akasema, «Hata maneno yetu, ndoana, mshipi, chambo, ni maneno ya pwani, lakini ya pwani nyingine, ile ya mashariki. Zamani za babu zangu misafara ilitoka Unguja mpaka Kasongo hii, nayo ilileta lugha tunayosema. Misafara ile ilileta pia utumwa na machozi. Lugha ilibaki. Mvuvi wa Unguja na mvuvi wa Kasongo wakikutana leo, watafahamiana.»

8. Neno la chandarua

Alasiri, kabla ya kurudi, babu akawaita kimya. Katika kidimbwi kilichotulia, kando ya fungu la mchanga, ngege mmoja alisimama karibu na chini. Mbele yake lilikuwako wingu dogo la watoto, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele. Kivuli cha ndege kikapita. Ngege akafungua kinywa, na watoto wote wakaingia ndani. Akafunga kinywa. Hakubaki hata mmoja.

Mdogo akashika mdomo wake kwa mshangao. «Amewala?»

«Hakuwala. Amewaficha. Ngege wengi hulea hivyo. Mama huchukua mayai kinywani, na watoto wakizaliwa huwalinda humohumo. Siku zote hizo kwa kawaida hali kitu. Sasa nambie: nikitupa ndoana yenye bukari mbele yake, itakuwaje?»

Mtoto akafikiri. «Hataila.»

«Naam. Ndoana humpita mama mwenye watoto, kwa kuwa humshika anayekula tu. Na ukikokota chandarua hapa?»

Mtoto akanyamaza. Alikuwa ameelewa. Akajibu kwa sauti ndogo, «Kitamchukua yeye na watoto wote.»

«Na ng'ambo ile?»

«Huko pia.»

«Na mwakani utavua nini?»

Hakujibu.

Babu akaendelea: «Chandarua huiba mara mbili. Huiba samaki wa kesho mtoni, na nyumbani humwacha mtoto mchanga katika mikono ya mbu. Malaria huwaua watoto wengi wa nchi yetu kila mwaka. Tena chandarua kimetiwa dawa ya kuua wadudu. Dawa hiyo ikiingia majini hudhuru samaki na wadudu wanaoliwa na samaki. Vivyo hivyo wale wanaoponda majani ya utupa na kuyamwaga kijitoni. Samaki wote huelea, wakubwa kwa wadogo, nao huokota wachache, waliobaki huoza. Sheria ya nchi yakataza kuvua kwa sumu na kwa baruti. Lakini hata kama askari hayupo, njaa yatuona.»

9. Kurudi nyumbani

Wakaokota vipande vyote vya nailoni. Wakahesabu samaki: kambale wawili na ngege watatu. Njiani wakampa ngege mmoja mama mjane aliyekaa pembeni mwa kijiji. Mama yao akapika kambale kwa mawese, wakala na bukari na sombe. Hapakuwa na mabaki, wala hapakuwa na mwenye njaa.

Mkubwa akamweleza mama jambo lililotokea mtoni, maana babu aliwaambia wasifiche. Mama akamshika mdogo kichwani, akakaa hivyo kwa muda, asiseme kitu.

Usiku, kabla ya kulala, mdogo akaenda taratibu penye kitanda cha mama. Mtoto mchanga alikuwa amelala ndani ya chandarua, akipumua vizuri. Upande mmoja wa chandarua ulikuwa umeinuka kidogo. Akauchomeka chini ya mkeka, kisha akaenda zake kulala.

Maneno ya somo

*chambo*: chakula kinachotiwa katika ndoana.
*chelezo*: kitu chepesi kinachoelea na kuonyesha kama samaki amekula.
*chubwi*: kitu kizito cha kuzamisha mshipi.
*fungu la mchanga*: mchanga unaoonekana maji ya mto yakipungua.
*nyungunyungu*: minyoo mirefu ya udongoni.
*utupa*: mmea ambao majani yake ni sumu ya samaki.
*kichocho*: ugonjwa unaoingia mwilini kwa kugusa maji yenye konokono fulani.

Maswali

1. Mto Luama watoka wapi, na wamwagika wapi?
2. Ndoana namba 12 na namba 6, ipi ni kubwa?
3. Kwa nini yafaa kulowesha fundo kabla ya kulikaza?
4. Babu alitazama nini mchangani kabla ya kuruhusu watoto kukaa?
5. Samaki hupenda kukaa mahali gani mtoni? Na pwani je? Maneno hayo mawili yafanana kwa jinsi gani?
6. Kwa nini babu hakuruka majini kumwokoa mjukuu wake?
7. Babu alisema chandarua huiba mara mbili. Elezeni.

Kazi ya mikono

Leteni shuleni uzi, kipande cha waya kilichopindwa kama ndoana bila ncha kali, nati kuukuu na kipande cha kandambili. Kila mmoja afunge fundo la mara 5 mbele ya mwalimu. Kisha chora fungu la mchanga katika mto, uonyeshe maji ya mbio, maji ya polepole, na mahali utakapotupa chambo. Usisahau kuchora mstari wa babu.